Kitenzi cha Nyanzala

Daftari la ishirini na tisa, taa ya sola imeanza kupepesa.
Kidato cha Pili B, Usoke, mwezi wa soko.
Nyanzala Kapaya ameandika kwa Kiingereza, mwandiko wa kulalia kushoto,
kwamba baba na mama yake anauza tumbaku.

Anauza.
Kitenzi kakivisha ile S ya mkiani
ambayo Waingereza humvisha mtu mmoja tu.
Sisi idadi tunaitwisha kichwani, a- au wa-, kama ndoo;
wao wanaiburuza nyuma.
Nikaizungushia wino mwekundu.
Wawili wakiungwa kwa "na" ni wengi,
nilishaandika ubaoni mara tatu. S iondoke.

Asubuhi kaja nalo mezani, vidole vyeusi kwa utomvu
usiosikia sabuni.
"Mwalimu, si ulitufundisha ugali na mlenda
vikiwa sahani moja, kitenzi ni cha umoja?"
Nilifundisha.
"Basi."

Basi nini?

"Kulima, wanalima. Hapo S sikuweka, tazama mstari wa juu.
Kuchuma, wanachuma. Kutunga majani kwenye fito, wanatunga.
Usiku kuchochea bani, anachochea mama,
hapo nimeweka, yuko peke yake.
Lakini kwenye mizani jina ni moja.
Robota linaitwa Kapaya. Akaunti inaitwa Kapaya.
Dola zikiingia, zinamwingia Kapaya,
mama anaulizwa tu kama amesikia."

Nilitazama mstari wa juu.
S zote zilikuwa zimekaa alipozikusudia,
hata ile niliyoizungushia.

Kanuni ninayo. Nimeikariri tangu chuoni,
naweza kuisema nikiwa nasonga ugali.
Haijawahi kufika soko la Usoke.
Mtihani wa taifa nao haujafika;
utamkata alama bila kuuliza nani alikesha na moto.
Nikamwambia hivyo: kwenye mtihani, ondoa.

"Na nyumbani?"

Kipande cha reli kikagongwa nje.
Nikasema, nenda darasani.

Jioni Sizya karudi na fomu ya kiwanja chetu,
kile tulichokilipia miaka minne, mshahara wangu na wake.
Kaiweka juu ya madaftari, kidole kikanionyesha pa kutia sahihi.
Penye "mmiliki" nafasi ni moja, imeshajazwa.
Kidole kilikuwa chini yake, penye "shahidi".

Nikapapasa kalamu.
Iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu.