Zamu ya Alhamisi

Alhamisi ni zamu ya Nélida.
Saa kumi alfajiri ukungu wa Lima umeshuka
hadi juu ya mabati, na ngazi za manjano
zapanda kilima bila kuonesha mwisho.

Yeye kabeba vitunguu. Hermelinda kabeba gesi,
mtungi begani kama mtoto aliyegoma kutembea.
Jikoni: masufuria mawili, daftari moja,
sahani mia na ishirini, sarafu moja kwa sahani,
bure kwa mzee Abundio na kwa watu watatu
ambao majina yao hayasomwi kwa sauti.

Mwaka juzi la kwake lilikuwamo.
Mume kaanguka jengoni, cherehani iko rehani,
watoto wanne walamba chumvi kiganjani.
Hakuna aliyemhoji. Walimpa kisu,
wakamsogezea gunia la viazi:
“Menya, dada.”

Akamenya. Akalia,
akasingizia vitunguu ambavyo havijakatwa bado.

Kisha wakachanga, cherehani ikarudi,
na deni akalilipa kila Jumamosi
kwa zipu, kwa pindo, kwa sare za shule.
Umaskini haukuondoka kwa kishindo.
Unakaa kwenye ngazi ya tatu, unapiga miayo,
anaupita na vitunguu vyake
bila kuusalimu.

Leo mlangoni yupo msichana mgeni,
bakuli kalificha ndani ya shali.
Anauliza bei, halafu anauliza tena.

Nélida anafuta kisu kwenye aproni.
Viazi bado ni vingi.