Dhahabu Isiyouzika

Mama anauliza: gramu ngapi?
Nimemletea kipande cha kioo, kidogo kama ukucha,
nimekifunga kwa pamba, pamba ndani ya soksi, soksi kifuani,
basi usiku kucha kutoka Arequipa,
na juu yake, namwambia, pana nyaya za dhahabu mia mbili.
Anakigeuza chini ya balbu. Ananitazama
kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sizioni, anasema.
Hata mimi sizioni, mama.
Chukua unywele wako mmoja, huo mweupe ulioshukia sikio,
upasue kwa urefu, upasue tena, hadi vipande elfu:
kimoja ndicho waya wangu.

Basi hiyo si dhahabu, anasema Eudocia Calsina,
aliyeokota mawe kwenye kifusi cha mgodi miaka ishirini na sita,
akayasaga, akayakanda kwa zebaki, mikono mitupu,
kama akandaye unga wa wanawe.
Dhahabu hupanda mizani ya Leoncio Apaza.
Dhahabu ndiyo iliyokununulia madaftari.

Kweli. Iliyanunua.

La Rinconada, mabati yamebanana chini ya barafu,
hewa nyembamba hata kiberiti husita.
Katika jiko hilihili, kando ya sufuria ya supu ya viazi,
donge la kijivu kikaangoni,
zebaki ikipaa bila rangi, bila harufu, bila kupiga hodi,
na chini ikibaki njano, kiasi cha punje ya mahindi.
Tuliishangilia ile punje.
Hakuna aliyeuliza kilichopaa kimekwenda wapi.

Sasa nauliza mimi. Ndiyo kazi niliyosomea.
Zebaki haipiti penye dhahabu bila kuikumbatia.
Kwa hiyo napitisha umeme katika waya, umeme haba,
elektroni zikienda kama watu wa kichochoro kimoja
wanaojua njia hata gizani.
Ikija chembe ya zebaki ikaketi ukutani,
zinajikwaa. Ukinzani unapanda.
Waya mnene usingejali; mto haulijui tone.
Wangu ni ngozi tupu, hauna ndani.
Kinachougusa kimeugusa wote.

Naunga betri, naegemeza simu kwenye kopo la sukari.
Mstari wa kijani umelala bapa.
Jiko halijachoma donge tangu Jumapili.
Nipe shali yako, namwambia,
ile ya alpaka, ya msumarini.
Mstari unainuka.
Kisha pazia.
Kisha mto wa mdogo wangu Wilber, wenye alama ya shavu lake.
Kila tunachokipenda kinapanda mlima kwenye kioo cha simu.

Mama hasemi kitu. Anamimina chai, na kikombe
kinagonga kisahani, ti-ti-ti-ti,
kama kilivyogonga tangu nikiwa darasa la sita
tukasema ni baridi.
Naitazama simu. Naitazama mikono.
Mwandiko ni mmoja.

Usiku nausafisha waya. Kazi nyepesi:
naongeza umeme kidogo, waya unapata moto,
zebaki inabanduka, inaondoka,
ukinzani unarudi pale ulipoanzia,
kama vile hakuna kilichowahi kutokea.
Dakika mbili, basi.

Mama alikuwa macho, blanketi hadi kidevuni.
Na mimi, anauliza, mimi utaniunga wapi?

Natafuta jibu. Nina digrii, nina nyaya mia mbili.
Upande wa pili wa bati jirani anakohoa,
anawasha gesi, kikaango kinalia,
na mstari, kabla sijafungua mdomo,
unaanza kupanda.