Hodi Tatu

Wete, msimu. Ghala lanukia karafuu hadi ndani ya kibodi.
Bi Shumbana wa Kangagani kaleta magunia matatu:
kumi na tisa, ishirini na mbili, ishirini.
Mizani, ambayo programu yake niliiandika mimi,
ikatema risiti: kilo arobaini.

"Mwanangu," akasema, "kusoma sikujaaliwa,
ila magunia yangu nayajua kama vidole.
Moja limekwenda wapi?"

Usiku nikakaa na saketi juu ya jamvi,
makonyo yakinichoma mapaja.
Nikiweka mstari wa kuchungulia, kosa latulia
kama mtoto aliyesikia nyayo za babake.
Nikiuondoa, laruka.
Nikimwambia kompaila aende polepole, hesabu yanyooka.
Nikimwachia mbio zake, arobaini.

Mpaka nikaufikia mstari wangu mwenyewe,
ule wa lugha ya mashine katikati ya C,
nilioutia kwa ujuvi:
peleka uzito ndani ya r4.
Basi. Bila salamu.

Kumbe r4 mlikuwa na mtu.
Kompaila alikuwa ameilaza humo jumla,
arobaini na moja, mlango umerudishwa.
Nami nikaingia na gunia la mwisho begani,
nikalibwaga juu yake.
Ishirini ikakaa pa arobaini na moja,
ikajumlishwa na ishirini,
wala hapakupigwa ukelele.
Prosesa haijui mwenyeji wala mgeni.
Huweka inapoambiwa.

Mimi, niliyelelewa kusimama barazani
hata kwa shangazi yangu,
nilikuwa nimepewa nuktapacha tatu za kubisha
na nikaziruka zote.

Hodi ya kwanza: hiki ndicho nitakachotoka nacho.
Ya pili: hiki naingia nacho,
nipe chumba chochote kilicho wazi,
herufi r tupu, sichagui nambari.
Ya tatu, ile ya aibu:
hivi nitavichafua, bendera za hesabu,
na kumbukumbu nikiigusa;
usiviamini nikishatoka.
Na kwa kuwa naandika kabla sijamaliza kusoma,
nikatia alama ya &,
anayeingia na anayetoka
wasilazwe kitanda kimoja.

Alfajiri: sitini na moja.
Nikafuta mistari yote ya kuchungulia.
Nikamwachia kompaila mbio zake.
Sitini na moja.

Bi Shumbana akaifunga risiti mpya kwenye pindo la kanga,
akatia fundo, akalijaribu kwa meno.
"Na wale wa juzi," akauliza, "wasiohesabu?"

Hilo halina nuktapacha.

Nimefungua daftari la Jumatatu.
Jina la kwanza ni Faki Mbarouk, wa Gando, magunia saba.
Simu yake inaita.