Debe la Nyafwono

Mama alivunja mawe upande wa Osukuru,
mguu mmoja kaukunja, wa pili kaunyosha kama mpini,
na kati ya miguu, jiwe.
Nyundo ikishuka alifumba jicho la kulia tu.
La kushoto, alisema, ndilo linalohesabu.

Debe moja lilikuwa shilingi mia mbili.
Kila Alhamisi lilikuja lori la reli,
na Okiror, fundi wa njia, mwenye kofia ya njano iliyopasuka,
akachota kokoto kiganjani,
akazitikisa sikioni kama mnunuzi wa kahawa.

Mwaka ule mkono wa mama ulivimba mpaka kiwikoni.
Nikaona njia ya mkato: Mto Malaba umenywea,
mawe yake yamelala wazi,
laini, ya mviringo, tele, ya bure.
Asubuhi moja nikajaza madebe kumi na mawili
bila kutoka tone la damu.
Mama akatazama. Akarudi kwenye jiwe lake.

Okiror hakunigombeza.
Alimwaga debe langu chini: "Panda."
Nikapanda. Kichuguu kikanikimbia chini ya nyayo,
kila jiwe likampisha mwenziwe kwa adabu,
nikakaa kitako mbele za watu.
Akamwaga la mama. "Panda."
Kokoto zikalia kri, zikanishika.
Nikaruka. Zikanishika zaidi.

"Ya mto yamefunzwa na maji kumpisha kila mtu," akasema.
"Behewa la saruji likija, yatalipisha nalo.
Haya ya mama yako yana pembe, yana ubishi.
Hili linatia kiwiko ubavuni mwa lile,
lile linakataa kusogea, basi na taruma halisogei,
na reli juu ya taruma..."
Akaiacha sentensi njiani,
maana treni ilikuwa imeshatoka Tororo.

Tuliitazama.
Reli ikainama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu,
ikainuka. Gurudumu lingine. Ikainama, ikainuka.
Nilikuwa nimeambiwa shuleni kwamba vitu hushikana kwa kupendana.

Usiku ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa.
Barabara ya kwenda Mbale ikawa uji,
lori la nyanya likazama hadi kwenye ekseli,
wenye nyanya wakalala humo humo.
Nikaenda relini na tochi.
Maji yalikuwa yakipita kati ya kokoto
kama wageni wasiotaka hata chai,
yakatokea mtaroni, yakaenda zao.
Juu, mataruma makavu mgongo.
Wala nyasi haikupata udongo wa kutia mzizi.

Sasa ni mimi mwenye sururu.
Nazisukuma kokoto chini ya taruma, nazigonga,
nasikiliza mlio: zikilia nzito, nahamia lingine.
Na hili Okiror hakuniambia:
nazo huzeeka.
Treni baada ya treni zinasagana,
pembe zinakuwa vumbi, vumbi linaziba njia ya maji,
mpaka siku moja unachota kiganjani
unakuta mawe ya mto.

Mama yuko barazani. Nyundo kaniachia, nailazia mlango.
Siku hizi anakubali kila kitu.
Chai haina sukari? Sawa.
Mjukuu kamwita kwa jina la nyanya mwingine? Sawa, mwanangu.
Namtazama akimpisha kila mtu
na moyo wangu unateleza.

Jana nilimsomea shairi hili, mpaka hapa.
Alifumba jicho la kulia.
"Mia na hamsini," akasema.
"Nini, mama?"
"Debe. Hamsini alikula mwenye lori.
Andika vizuri."