Kifungo cha Juu

Umekuja na daftari, Malongo, na kalamu mbili,
kuniuliza damu ikikaukia jiweni hugeuka rangi gani.
Hugeuka kutu, mwanangu. Chai ya jana.
Andika.
Ila kwanza mvue koti huyo Inspekta Radi wako.
Mtu gani avae koti refu Mwanza hii,
apande mawe ya Mabatini akimkimbiza jambazi
asitoke jasho hata kwapani?
Na sigara ya nini kila ukurasa?
Miaka ishirini na sita ya kazi,
mimi mdomoni nilikuwa na karafuu. Kwa sababu ya harufu.

Sasa sikiliza jambo la Igombe.

Walimkuta kwenye magugumaji, alfajiri, kifudifudi,
Mtesigwa, mnunuzi wa mabondo,
na mwalo mzima ulikuwa na jibu kabla sijavaa glavu:
alilewa, akateleza, ziwa likamchukua.
Ziwa letu husingiziwa mengi.
Nikapima kina. Nikatazama kucha: safi.
Nyayo: laini, hazina tope, hazina hata gamba la furu.
Siku ya nne daktari wa Bugando akaniita pembeni,
akasema maji ya pafuni hayana mwani,
ule mdogo usioonekana ila kwa darubini,
ambao hakuna anayekunywa Nyanza asiumeze.
Alizama, ndiyo. Ila si humu.
Alizama kwenye maji ya bomba, yaliyotiwa dawa.

Hapo kalamu yako imekimbia, naiona.
Unataka sasa alama ya kidole.
Haikuwapo.
Tangi tulilolipata lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni ya unga,
na mwilini maji yalikwisha kulamba kila kitu.

Nilichokuwa nacho ni shati.
La mikono mifupi, la mistari, vifungo saba,
vyote vimefungwa. Hata cha juu, cha kooni.
Nilikaa nalo usiku kucha, feni imekufa, mbu wananila.
Mlevi hafungi cha juu.
Mchuuzi wa samaki kwenye joto lile hafungi hata cha pili.
Na muuaji mwenye haraka angemtupa kifua wazi.
Nani, basi, humfunga mtu mpaka kooni,
kisha akailaza na kola?

Siku ya utambuzi akaja kaka yake, Bituro,
mtu wa miaka hamsini, viatu vinang'aa.
Akatazama. Akasema: ndiye.
Halafu mkono wake ukatoka wenyewe,
ukavuta shuka la mochwari hadi chini ya kidevu,
na kidole gumba kikawa kinatafuta pale kooni
kitu cha kufunga.

Sikumuuliza Jumanne usiku alikuwa wapi.
Nilimuuliza mama yao alifariki lini.
Akasema, huyu alikuwa hajaanza darasa la kwanza.
Na asubuhi za shule, nani alikuwa akimvalisha?

Akatafuta kiti. Hapakuwa na kiti.
Akakaa sakafuni, viatu vyake vile.

Mengine yamo jaladani: deni, gunia la mabondo,
tangi la kiwanda cha barafu Igogo, gari la kuazima.
Yote aliyasema mwenyewe, nami namwomba aende polepole
kwa sababu kalamu ya serikali ilikuwa inakwaruza tu.
Akapewa kifungo.
Usicheke, lugha ndivyo ilivyo.

Fomu iliuliza vielelezo. Nikajaza:
shati moja, vifungo saba.

Nilifika nyumbani Pasiansi kunakucha.
Mwanangu wa mwisho anahangaika na sare,
akaniona, akanyoosha shingo kama kila siku.
Nikaweka mikono nyuma.
Nikamwambia jifunge mwenyewe, umekua.
Akanitazama sana yule mtoto.

Kunywa chai, Malongo, inapoa.
Na hilo koti umelifuta?