Pengo la Kulia

Kanuni ya Bi Nasiketi imebandikwa ukutani kwa selotepu:
namba ya kitu, kistari, kisha herufi.
Mbele ni a. Nyuma ni b.
Jina la faili halina nafasi, halina mkwaju,
wala hakuna "picha mpya ya mwisho kabisa 2".

Nilicheka. Alhamisi sikucheka tena,
joto la Dar mwezi wa pili, saa nane mchana,
umeme ukakatika, kiyoyozi kikakoroma kikanyamaza,
na kompyuta ilipoamka ikaanza kuhesabu upya toka moja
kama mtoto aliyesahau alipoishia.

Migongo arobaini na mmoja. Yote bila nyuso.
Vipande vya vibarua wa mkonge,
karatasi ngumu rangi ya chai ya maziwa:
mbele mhuri na namba ya mtu,
nyuma vijumba thelathini, kila siku na alama yake.
Migongo ya vibarua hufanana.
Ndivyo ilivyokusudiwa.

"Tazama kingo," alisema Bi Nasiketi, akivuta kiti.
"Palipomegwa kulia kwa mbele,
kwa nyuma utapaona kushoto.
Mchwa hali upande mmoja akabakiza mwingine."
Tukakaa tukioanisha makovu hadi adhana ya magharibi,
jasho likidondokea kibodi,
na ng'ambo ya ukuta, bustani ya Botaniki,
tausi wakigombana kama wapangaji.

Cha mwisho kilikuwa 0417.
Mbele: Kibarua 2306. Basi.
Nyuma, pembeni mwa vijumba, penseli iliyofifia,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.
Bi Nasiketi akasoma polepole, kidole hewani, kisiguse kioo:
*Mimi Ngwale bin Sefu. Chumvi.
Kaniki mbili. Mahari,
imebaki shilingi kumi na mbili.*

Nikauliza: sasa hapa mbele ni wapi?
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio,
akasema kanuni ni kanuni,
kisha akaenda kuchemsha maji,
ingawa chupa ilikuwa imejaa chai.

Nimeandika 0417-a: Kibarua 2306.
Nimeandika 0417-b: Ngwale.
Na kwenye kisanduku cha maelezo,
ambacho hakuna aliyekiwekea kanuni,
nimeongeza maneno matatu:
anza na b.