Kupembua

Udongo huja kwangu kwa magunia,
kila gunia na kibandiko: mraba, kina, tarehe.
Kornelis huyaleta kwa toroli kutoka pangoni,
miguu imempauka chokaa hadi magotini,
nami nimesimama katika jaruba la mpunga,
maji yananifika kwenye muundi,
natikisa chekecheke.

Mama alinifundisha ungo nikiwa na miaka sita:
rusha, pokea, puliza, pumba ziache ziende zake.
Profesa wa Bandung alinifundisha kinyume:
usiache kitu kiende.
Pumba ndizo mavuno.

Basi nakusanya pumba za dunia.
Jino la panya. Jino la panya. Jino la panya.
Utaya wa popo, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Kijiwe chenye ukingo ambao hadi leo unakata;
kilinichana kidole gumba Jumanne
na nikacheka, maana aliyekinoa
hakunilenga mimi.

Siku walipompata, mvua haikukatika.
Huko chini, mita sita, ngazi ya mianzi ikilia,
Kornelis aligusa kitu, akarudisha mkono upesi:
mfupa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.
Wakausubiri ukauke. Siku tatu.
Kisha Profesa akapanda juu,
akaniuliza, mbele ya wanaume wote,
kama nina rangi ya kucha.
Ninayo. Nyekundu. Niliinunua Ruteng
kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu.
La, alitaka ile isiyo na rangi, ya kugandisha mfupa.
Pikipiki ikatumwa mjini, duka likamalizwa,
na ndivyo alivyotoka ardhini mtu yule wa kale,
amepakwa rangi ya kucha kama bibi harusi.

Kiganja chake kilienea kwenye kisahani cha kahawa.
Magego ya mwisho yameshaota, akasema Profesa,
huyu si mtoto.
Nilimwangalia. Meno yamelika upande mmoja tu,
kama ya mtu mwenye jino bovu
anayetafunia kushoto miaka na miaka
na hamwambii mtu.

Wakampeleka Jakarta kwenye sanduku la sponji.
Sisi tuliletewa fuvu la plastiki,
liko ofisi ya kijiji, juu ya kabati la faili.
Jino la pembe si dawa ya pengo.

Mwaka wa pili wakaja wengine, wenye glavu na vichupa.
Walimtaka Nyanya Rosalia kwa sababu ni mfupi,
mfupi kweli, kichwa chake hunigota kwapani.
Alitema mate kichupani kwa heshima zote,
akauliza kama yametosha.
Majibu yalichukua miezi kumi na minne:
hakuna undugu.
Wale walikwisha kabla wetu hawajafika kisiwani,
au labda walipishana mlangoni, haijulikani.
Kornelis alimweleza polepole,
kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.
Nyanya alitafuna tambuu yake, akatema.
"Kumbe ni jirani," akasema.
"Na mmemtoa jirani kitandani bila kupiga hodi."
Kesho yake alipeleka yai pangoni, peke yake,
na hakutaka kushikwa mkono.

Wanasema sasa kuna vumbi lisiloonekana,
kwamba hata pasipo mfupa udongo wenyewe hukumbuka
nani alilala hapa, nani alikojoa pale.
Sijui. Mimi nina matundu ya milimita mbili.
Kinachopita, kinapita.

Kinapita kinazama jarubani.
Magunia yakiisha nafungulia maji, tunapandikiza mche
katika tope lile lile, na ikifika mwezi wa nne
tunakula wali wake, na mboga ya majani ya mhogo.
Watoto huomba ukoko.
Nyanya hulalamika una mchanga.